Mezani unamsoma mtu, kwenye simu unasomwa wewe

AGOSTI 2019, La Liga ikiwa ndiyo kwanza imeanza, mastaa wawili wa Barcelona walionekana wamekaa meza moja. Haikuwa meza ya chakula. Gerard Piqué na Arturo Vidal walikuwa ndani ya kasino ya jiji lao, kila mmoja ana karata mbili zilizofunikwa mbele yake na rundo la chipu pembeni. Chipu za kuchezea, si chipsi mayai.

Ada ya kuingia tu kwenye shindano lile ilikuwa Euro 25,000, zaidi ya Sh60 milioni. Lilipomalizika, Piqué alikuwa wa pili na akaondoka na Euro 352,950. Vidal alishika nafasi ya tano, akavuna Euro 134,460. Jumlisha hapo, jamaa wawili walibeba karibu nusu milioni ya Euro mbele ya watu ambao poka ndiyo kazi inayowalipia kodi ya nyumba.

Miaka mitatu na ushee baadaye, Machi 2023, staa mwingine aliyewahi kuvaa jezi ya Barca alikuwa amekaa nje kwa jeraha la enka. Neymar akawasha kamera, akaanza kucheza michezo ya kasino mtandaoni huku mashabiki wakimtazama moja kwa moja. Iliripotiwa alipoteza takriban Euro milioni moja ndani ya saa moja. Akajifanya analia, muziki wa huzuni ukapigwa, kisha maisha yakaendelea. Wapo waliosema fedha ile huenda wala haikuwa yake, kwa sababu alikuwa na mkataba wa kuitangaza kampuni yenye michezo hiyo.

Siku ile Neymar hakuwa akicheza poka, hilo tuliweke sawa. Lakini poka anaicheza, tena kwa mapenzi. Mwaka 2022 alikwenda Las Vegas kwenye World Series of Poker, mashindano makubwa kuliko yote ya mchezo huo, akalipa ada ya Dola 1,500 kama watu wengine na kukaa mezani. Akatolewa akiwa nafasi ya 49 na kupewa Dola 4,905. Kwa mshahara aliokuwa analipwa PSG, hiyo ni hela ya kununulia maji.

Mtu ni yuleyule. Mezani alikaa kwa saa nyingi akipambania Dola 4,905. Mbele ya skrini iliripotiwa milioni imeyeyuka kabla mechi moja ya soka haijaisha. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kuna nini kati ya meza na skrini, maana wachezaji wa soka wamejaa kote kuwili, na sisi mashabiki wao nasi simu tunazo mkononi.

IPO HIVI

Poka inayochezwa zaidi duniani inaitwa Texas Hold'em. Unapewa karata mbili unazoziona wewe peke yako. Katikati ya meza zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha ya mwisho. Kila hatua unaamua kama unaweka dau, unapandisha la mwenzako, au unatupa karata zako na kusubiri mkono mwingine. Mwenye mchanganyiko bora wa karata tano anabeba mzigo.

Hiyo ni njia ya kwanza ya kushinda. Ya pili ni kuweka dau zito mpaka wenzako wote watupe karata zao. Ukifanikiwa, hakuna anayeruhusiwa kukuuliza ulikuwa umeshika nini. Unaweza kuwa umeshika takataka. Mtaani tunaita kuzuga, na bila kuzuga poka ni bahati nasibu tu.

Kanuni hizi ni zilezile Las Vegas, Barcelona na kwenye simu ya mtu aliyelala kitandani Tandika. Karata ni 52 kote. Ila ukimuuliza mtu aliyecheza kote kuwili, atakwambia ni kama ndondo ya mtaani na mechi ya Ligi Kuu. Mpira ni ule ule, ila usije ukadhani ukiweza huku basi na kule umeshaweza.

KARATASI YA LEHMANN

Shabiki wa soka anaijua tofauti hii hata kama hajawahi kushika karata maishani mwake. Nirudishe kumbukumbu Berlin, Juni 30, 2006. Robo fainali ya Kombe la Dunia, Ujerumani na Argentina wamemaliza dakika 120 wakiwa 1-1. Inaamuliwa kwa matuta.

Kipa Jens Lehmann alikuwa na kikaratasi alichokificha kwenye soksi. Kimeandikwa majina ya wapigaji wa Argentina na upande ambao kila mmoja hupenda kupiga. Kabla ya kila penalti anakitoa, anakisoma, anakirudisha. Roberto Ayala akapiga, Lehmann akadaka.

Kisha akaja Esteban Cambiasso. Jina la Cambiasso halikuwamo kwenye ile karatasi.

Lehmann akakitoa kikaratasi vilevile. Akakisoma taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta, akakirudisha kwenye soksi. Cambiasso alikuwa anamwona. Akapiga, Lehmann akaruka kushoto kwake na kuupangua. Ujerumani ikaenda nusu fainali kwa penalti 4-2.

Ndani ya dakika zile chache kulikuwa na poka zote mbili. Kwa Ayala, Lehmann alitumia takwimu: huyu hupiga wapi, mara ngapi, katika hali gani. Hiyo ni poka ya mtandaoni. Kwa Cambiasso hakuwa na takwimu hata moja. Alikuwa na uso wake, mikono yake na muda wa kumfanya mwenzake awaze. Hiyo ni poka ya mezani.

Mezani kila kitu ni habari. Mtu ameshikaje chipu zake, ameacha ghafla kutafuna bigijii, ameangalia karata mara ngapi, ameanza kuongea sana au amenyamaza. Wazoefu wana jambo moja wanalopenda kuwaambia wageni: ukiona mikono ya mtu inatetemeka anapoweka dau, usimwonee huruma ukadhani anaogopa. Mara nyingi ameshika karata nzito na damu inamchemka. Ni kama straika aliyebaki na kipa peke yake, miguu inatetemeka kwa sababu anaona nyavu.

Ndiyo maana utawaona wachezaji wakubwa wamevaa miwani myeusi ndani ya ukumbi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, skafu shingoni ili mshipa wa damu usionekane ukidunda. Wanaficha mwili. Kwenye simu huna haja ya kuficha. Unaweza kucheza umevaa bukta na hakuna atakayejua kama umecheka au umelia.

MHASIBU NA DOLA 86

Kuna mtu mmoja ambaye bila yeye hata hii makala isingekuwapo. Anaitwa Chris Moneymaker, na hilo ndilo jina lake halisi, wala halikutungwa kwa ajili ya kasino. Alikuwa mhasibu kutoka Tennessee, Marekani. Mwaka 2003 aliingia kwenye shindano dogo la mchujo mtandaoni kwa Dola 86, chini ya laki moja ya Kitanzania kwa wakati ule. Mchujo ule ukamfungulia njia ya tiketi ya shindano kuu la World Series of Poker kule Las Vegas, ambalo ada yake ilikuwa Dola 10,000.

Hakuwa amewahi kucheza shindano lolote la ana kwa ana. Uzoefu wake ulikuwa wa kwenye kompyuta. Ni sawa na umchukue bingwa wa gemu la soka la kwenye skrini umpeleke uwanja wa Mkapa, umwambie leo unaanza.

Walikuwa washiriki 839. Wakabaki wawili: Moneymaker na Sammy Farha, mcheza kamari mzoefu, sigara mdomoni ambayo haijawashwa, macho hayabanduki usoni kwako. Katika mkono mmoja uliokuja kuwa maarufu, Moneymaker alikuwa na mfalme na saba. Alikuwa anasubiri karata ya kumkamilishia mpango wake. Ya mwisho ikafunuliwa, haikuwa yenyewe. Mkononi hana hata jozi. Farha alikuwa na jozi ya tisa, maana yake alikuwa anaongoza.

Moneymaker akasukuma chipu zake zote katikati.

Farha akafanya kile ambacho mtandaoni hakiwezekani. Akaanza kumsemesha. Akamtupia maneno kuhusu ile karata aliyoikosa, akamtazama, akasubiri jibu. Alikuwa ameotea kabisa. Moneymaker akakaa kama sanamu: miwani usoni, mkono mdomoni, hasemi, hahemi. Farha akaangalia, akaangalia tena, akazitupa tisa zake. Mzigo ukaenda kwa mtu asiyekuwa na kitu, na muda mfupi baadaye mhasibu wa Dola 86 akawa bingwa wa dunia na Dola milioni 2.5.

Mimi nimeutazama mkono ule kwenye video si chini ya mara kumi. Kila nikiutazama naona jambo moja. Moneymaker hakumshinda Farha kwa ujanja wa mezani, aliokolewa na ugeni wake. Alicheza kama skrini. Hakumpa mwenzake uso wa kuusoma.

Baada ya hapo dunia ikachanganyikiwa. Washiriki wa shindano lile kuu walitoka 839 mwaka 2003 hadi 2,576 mwaka uliofuata, wakafika 5,619 mwaka 2005 na 8,773 mwaka 2006. Kila mtu mwenye kompyuta alijiona Moneymaker anayesubiri siku yake. Sisi tunalijua hilo. Kila mtaa una jamaa aliyewahi kusikia mtu kashinda mkeka wa timu 15 kwa buku.

MIKONO MINGI KULIKO MZEE WA MIAKA 60

Sasa njoo kwenye spidi. Mezani mgawaji anachanganya karata, anagawa, watu wanawaza, chipu zinahesabiwa, mtu anaagiza kahawa. Kwa saa moja mnacheza mikono 25 hadi 30. Mtandaoni kompyuta inachanganya na kugawa papo hapo na una sekunde chache tu za kuamua, kwa hiyo meza moja inakwenda mikono 60 au zaidi kwa saa. Na hakuna anayekulazimisha kubaki meza moja. Wapo wanaofungua nne, nane, wengine zaidi, kwa wakati mmoja.

Fanya hesabu. Mtu wa meza nne mtandaoni anaona kwa saa moja mikono ambayo mtu wa kasino anaiona kwa siku nzima ya kazi. Kijana wa miaka 20 anaweza kuwa amecheza mikono mingi kuliko mzee aliyekaa Las Vegas maisha yake yote.

Ushahidi ni binti wa Norway, Annette Obrestad. Alianza kucheza mtandaoni akiwa na miaka 15, umri ambao hata kwao haukuruhusiwa. Mwaka 2007 aliingia kwenye shindano dogo la mtandaoni la watu 180 akiwa ameziba karata zake asizione, akazichungulia mara moja tu. Akashinda. Alikuwa anatazama nafasi aliyokaa, ukubwa wa dau la mwenzake, na muda anaotumia mtu kuamua. Karata zake mwenyewe hakuzihitaji sana.

Septemba mwaka huohuo akaenda London kwenye World Series of Poker ya kwanza kufanyika Ulaya. Ana kwa ana, watu 362, akiwa bado siku moja kutimiza miaka 19. Akatwaa ubingwa na Pauni milioni moja. Las Vegas kwenyewe asingeruhusiwa hata kukaa mezani, kwani kule ni mpaka miaka 21.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba wa mtandaoni hawajui poka. Wanaijua, tena sana. Wanachokisoma ndicho kinatofautiana. Mtu akichukua sekunde moja kujibu dau, wanapata jambo. Akichukua kumi na mbili, wanapata jingine. Halafu kuna programu zinazorekodi kila mkono uliocheza na kumwonyesha mpinzani takwimu zako pembeni ya jina lako: huyu anaingia mara ngapi, anapandisha mara ngapi, akitishwa anakimbia mara ngapi. Baadhi ya kampuni zimezipiga marufuku, nyingine zinaziruhusu.

Yaani kila mtu ana karatasi ya Lehmann kwenye soksi, na jina lako limo. Wewe uliyefungua simu kitandani ukadhani umejificha, unacheza na mtu anayejua tabia zako kuliko unavyozijua mwenyewe.

ALIYEKUWA ANAONA KARATA ZA WOTE

Mezani wizi upo, haujaanza leo. Karata zinawekwa alama, watu wawili wanashirikiana kumbana wa tatu. Lakini angalau kuna mgawaji, kuna kamera juu, kuna mikono ya watu inayoonekana.

Mtandaoni mwaka 2007 lilitokea jambo lililowatikisa wote. Kwenye tovuti moja iliyoitwa Absolute Poker, kulikuwa na akaunti inayocheza kwa namna ya ajabu. Inaingia karibu kila mkono, inapandisha na takataka, lakini ikikutana na mtu mwenye karata nzito inatupa bila kusita. Ni kama kipa anayeruka upande sahihi kila penalti, msimu mzima. Hata Lehmann na karatasi yake hakufika huko.

Wachezaji wakalalamika. Mmoja wao aliyeomba rekodi ya shindano alilocheza akapelekewa faili kubwa lenye karata za kila mtu, na wenzake waliokuwa wazuri wa hesabu wakalichambua mkono kwa mkono. Ikabainika kwamba kulikuwa na akaunti inayoweza kuona karata zilizofunikwa za wachezaji wote, na mhusika alitoka ndani. Mwaka uliofuata ikafichuka kashfa ya aina ileile kwenye tovuti nyingine, UltimateBet.

Kinachonivutia kwenye kisa kile ni namna mwizi alivyokamatwa. Mezani angeweza kupotea, maana nani anakumbuka mikono 300 iliyopita? Mtandaoni kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Takwimu zilezile zinazomvua nguo mchezaji wa kawaida ndizo zilizomvua nguo mwizi.

Aprili 15, 2011 serikali ya Marekani ikazifungia tovuti tatu kubwa za poka, Absolute Poker ikiwamo. Wachezaji wakaamka fedha zao haziguswi, wengine wakasubiri miaka kulipwa. Ukiwa na chipu mkononi kwenye kasino unatembea hatua ishirini mpaka dirishani, unapewa noti zako. Kwenye akaunti una namba tu, na namba ni mali ya aliyeishikilia.

KRUSE NA TEKSI YA BERLIN

Noti nazo zina mambo yake. Muulize Max Kruse, straika wa zamani wa Ujerumani. Huyu ni mcheza poka wa kweli. Mwaka 2014 alimaliza wa tatu kwenye shindano moja la World Series of Poker na kuondoka na zaidi ya Dola 36,000. Oktoba 2015, akiwa mchezaji wa Wolfsburg, alitoka kucheza poka Berlin usiku, akapanda teksi na kusahau Euro 75,000 kwenye siti ya nyuma. Zaidi ya Sh150 milioni. Habari ilipovuja Machi mwaka uliofuata, klabu ikampiga faini ya Euro 25,000.

Tulicheka sana kipindi kile. Lakini angalia vizuri: watu walijua. Klabu ilijua, magazeti yalijua, kocha alijua. Fedha ilikuwa na uzito, ilihitaji begi, ilihitaji teksi, ilikuwa na dereva. Kupoteza mezani kunafanyika mbele za watu.

Nadhani hilo ndilo linalowafanya mastaa waliostaafu waipende meza kuliko skrini. Teddy Sheringham, yule aliyeisawazishia Manchester United dhidi ya Bayern Munich kwenye fainali ya 1999, alikwenda Ureno mwaka 2010 kwenye European Poker Tour ya Vilamoura. Akafika meza ya mwisho, akashika nafasi ya tano na kupata Euro 93,121. Mtu aliyezoea chumba cha kubadilishia nguo, utani na presha ya dakika ya 90, vyote hivyo anavikuta tena kwenye meza ya watu tisa. Simu haimpi hata kimoja.

MIKONO 31 KIMARA

Ili nisiandike kwa kusimuliwa, nilipakua poka kwenye simu yangu na kucheza ile ya chipu za bure kwa wiki mbili. Asubuhi moja nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi Kimara nikahesabu: basi lilipofika nilikuwa nimeshacheza mikono 31. Kasino ningekuwa nimekaa saa nzima.

Chipu za bure zina kichekesho chake. Kwa kuwa hakuna anayepoteza chochote, kila mtu anasukuma zote. Kuzuga hakufanyi kazi, maana hakuna anayeogopa. Nilijifunza kanuni, poka sikujifunza. Ila jambo moja nililiona kwenye mwili wangu: nikishindwa mkono mmoja, kidole kilikuwa kimeshabonyeza kuanza mwingine kabla kichwa hakijakubali kwamba nimeshindwa. Wacheza poka wana jina lao kwa hali ya mtu kucheza kwa hasira ili arudishe. Sisi kwenye soka tunaijua: timu imefungwa la kwanza, wote wanapanda mbele, inapigwa la pili na la tatu kwa kaunta.

Jamaa yangu mmoja tuliyesoma naye chuo hakuishia kwenye chipu za bure. Alianzia kwenye mikeka, kama wengi wetu. Zamani alikuwa anakwenda kibandani, anapanga foleni, anaandikiwa karatasi, anaonana na watu. Baadaye kila kitu kikahamia kwenye simu, pamoja na kasino na poka, na fedha zinatoka palepale kwenye akaunti ya simu anayotumia kulipia umeme na kutuma kwa mama yake. Ni mtu mzima, ana zaidi ya miaka 18 inayotakiwa kisheria, hakuna aliyemvunjia sheria.

Usiku wa siku ya mshahara alianza saa nne. Aliniambia alikuwa anaongoza mpaka saa sita. Baada ya hapo akaanza kufukuzia, mkono mmoja baada ya mwingine, mke amelala pembeni, mwanga wa simu umepunguzwa. Saa tisa na nusu alfajiri ilikuwa imeondoka kodi ya miezi mitatu aliyokuwa ameidunduliza. Kilichomuuma kuliko vyote, anasema, ni kwamba hakuna aliyekuwapo. Angekuwa amekaa na watu, mmoja angemwona uso ulivyobadilika akamwambia kaka, inatosha, twende. Mke alijua baada ya wiki mbili, mwenye nyumba alipogonga mlango.

Simu ile aliiuza. Sasa hivi ana kitochi, na Jumapili jioni, kabla ya mechi za Ulaya kuanza, utamkuta kwenye kijiwe cha drafti na karata karibu na kwao. Nilikwenda kumtembelea wiki iliyopita. Hawachezei fedha pale, anayeshindwa ananunua kahawa. Jamaa alifungwa mara mbili mfululizo na mzee mmoja aliyekuwa anaongea kuliko Sammy Farha. Akataka wapange tena. Mzee hata hakumjibu, aliyesimama nyuma yake ndiye aliyempiga begani na kumwambia, "Pisha."

Akanyanyuka, akaenda kulipia kahawa.